Bisha Hodi Kabla ya Kipindupindu

Anayeishi kando ya barabara kuu ya TANZAM hahitaji kuambiwa kwamba magonjwa husafiri. Malori yanayokwenda Zambia hupita Ilula, Ipogolo, Mafinga, Igawa, Uyole na Mbalizi kabla ya kufika Tunduma. Yanayokwenda Malawi hukata kona Uyole, yakashuka Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Machi 2022 Malawi ilitangaza kipindupindu, na hadi kinatulia kilikuwa kimeua watu zaidi ya 1,700. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Zambia, kuanzia Lusaka, na huko wakafa zaidi ya 700. Kabla ya yote hayo, Februari 2022, mtoto mmoja wa Lilongwe alikuwa amegundulika na polio, na mwezi uliofuata watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma wakawa wanadondoshewa matone wakiwa mlangoni kwao.

Kwa hiyo ipo siku mtu atatumwa kwenda kuzungumza na familia moja moja kuhusu ugonjwa ambao bado haujafika. Huenda mtu huyo ni wewe: mhudumu wa afya ngazi ya jamii (mpango uliozinduliwa Januari 31, 2024 unalenga kuwa nao 137,294 nchi nzima), mwenyekiti wa mtaa, mwalimu, mzee wa kanisa, au kijana uliyepewa fulana mpya na rundo la vipeperushi. Vidokezo hivi ni vyako. Vingine ni virefu kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.

1. Mara ya kwanza usiende peke yako

Oktoba 1, 2016, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliwadhania wanyonya damu. Jina la kijiji lisikuchanganye, hakiko mkoani Iringa, lakini hofu iliyowaua haina mkoa. Watu wazima wa Mbeya wanayakumbuka mauaji ya kuchuna ngozi ya miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000. Wa Njombe na Iringa hawajasahau watoto waliouawa Njombe mwanzoni mwa 2019. Mzazi mwenye kumbukumbu hizo akimwona mgeni mwenye kisanduku cha barafu akiuliza mtoto anaitwa nani na ana umri gani, naye ana hesabu zake kichwani.

Basi anzia kwa mtendaji wa kata au wa kijiji, ujulikane. Kisha mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Kisha apatikane mtu wa palepale atembee nawe. Balozi wa nyumba kumi anafaa sana kwa kuwa anajua hata mbwa yupi anauma, ila usisahau kwamba ubalozi ni cheo cha chama. Kwenye nyumba ya watu wa chama kingine, jirani anayeheshimika atakufungulia mlango upesi zaidi. Kitambulisho kining'inie shingoni kionekane. Gari lenye vioo vyeusi liache barabarani, ingia kwa miguu.

2. Salamu usiikatishe

Rungwe na Kyela, "ugonile" moja kwa bibi itakupatia kigoda kabla hujaeleza kilichokuleta. Iringa na Mufindi ni "kamwene". Kama lugha huijui zaidi ya hapo usijitutumue, rudi kwenye shikamoo yako na uulize habari za shamba, za mvua, za waliolala. Fomu ibaki kwenye mkoba mpaka utakapokaribishwa kukaa. Watu huwa wanaona kalamu kabla hawajakuona wewe.

3. Mkuu wa kaya si mtu mmoja

Fomu nyingi zina nafasi moja tu ya "mkuu wa kaya". Ukimhutubia huyo peke yake umetwanga maji kwenye kinu. Maji anachota binti. Nauli iko kwa baba, au kwenye kikoba cha mama, au kwa kaka mkubwa aliyeko Dar es Salaam anayetuma kwa simu. Bibi ndiye anayeamua kama kuharisha huku ni "meno yanaota" au ni ugonjwa wa kupelekwa zahanati. Na meseji ikiingia, anayeisoma kwa sauti ni mtoto wa kidato cha pili.

Sasa tazama namna mbili za kuuliza. Ya kwanza:

"Mama, je, kaya yako ina mpango wa kukabiliana na dharura za kiafya?"

"Ndiyo, tunao."

Amekujibu ili uondoke akageuze mboga yake. Ya pili:

"Mama, tuseme usiku wa leo mtoto aanze kuharisha na kutapika. Mngefanyaje?"

"Tungesubiri kukuche tu, mwanangu."

"Kwa nini mpaka kukuche, mama?"

"Usiku bodaboda huku hawaji. Halafu baba yake yuko Chunya machimboni, hela anayo yeye."

Hapo umepata kazi. Kipindupindu kikali kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache asipotibiwa, na nyumba hii haijakosa elimu: imekosa bodaboda wa usiku na shilingi elfu kadhaa zilizo karibu. Zungumzeni hayo mawili. Nani jirani mwenye pikipiki? Baba anaweza kuacha fungu dogo lisiloguswa? Kikundi cha VICOBA cha mama kina mfuko wa jamii, je, unaruhusu kukopa nauli usiku wa manane bila kusubiri kikao? Ukitoka hapo na jina la mwendesha pikipiki mmoja aliyekubali kuamshwa, umefanya zaidi ya hotuba ya saa nzima.

4. Fuata kalenda yao, si ya mradi

Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba hivi, zikaishia Aprili au Mei. Huo ndio msimu wa visima kuingia maji machafu na vyoo kutitia. Kwa hiyo habari ya choo ipelekwe Septemba na Oktoba, udongo ukiwa mkavu na fundi akiwa hana kazi nyingi. Kyela, ambako mafuriko ya mwisho wa masika si habari ngeni, kuja Aprili kuwaambia watu wachimbe choo kirefu ni kuwatania. Na baada ya tope la mlima Kawetere kushuka Itezi, jijini Mbeya, Aprili 14, 2024, likafukia nyumba na shule, hakuna haja ya kumshawishi mtu kwamba mvua inaweza kuihamisha familia kwa siku moja. Muulize tu: mkiondoka ghafla, mnabeba nini, na nani anambeba bibi?

Msimu huohuo wa mvua, Iringa ni msimu wa ulanzi. Mianzi inachipua, inagemwa, na kilabuni chombo kimoja kinazunguka midomo mitano. Afisa mmoja mwenye nia njema akisimama pale kuwaambia watu waache ulanzi, atachekwa, na kesho hatasikilizwa hata akisema moto unaunguza. Omba kidogo kinachowezekana: kila mnywaji aje na kikombe chake, na mama mwenye kilabu aweke ndoo ya maji yenye bomba na sabuni mlangoni. Mama huyo ni mtu muhimu kuliko anavyodhaniwa. Anawajua wateja wake wote, anajua nani hajaonekana siku mbili, na akisema "nawa kwanza" hakuna anayebisha, maana yeye ndiye anayekopesha.

Juni na Julai hadithi inabadilika. Baridi ya Mafinga, Makete na Uporoto inawafungia watu ndani, madirisha yanazibwa, jiko la mkaa linaingizwa chumbani. Huo ndio wakati wa kuzungumzia mafua makali na kikohozi, na wakati wa kusema bila kupepesa macho kwamba jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa linaua watu wakiwa usingizini.

5. Ziara moja, jambo moja

Ukisema saba, watakumbuka soda uliyokunywa. Leo maji. Wiki ijayo nauli. Wiki nyingine dawa.

6. Waache wafanye kwa mikono yao

Mama akikusikiliza akitikisa kichwa, hujui kama ameelewa. Mpe kijiko.

Maji ya chumvi na sukari ni haya: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa mgongo wa kisu, visifanye kilima. Utaona matatizo mawili palepale. La kwanza ni kijiko: nyumba nyingi zina kijiko kikubwa cha kulia na hazina cha chai, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. La pili ni lita: chupa zilizomo ndani ni za nusu lita au za lita moja na nusu, na mtu atajaza ile kubwa akidhani ndiyo lita. Chupa mbili za nusu lita zinatoa lita moja kamili, wekeni alama kwenye dumu dogo mmalize kazi. Aonje mwenyewe kabla ya kumpa mtoto. Ikizidi chumvi ya machozi, imwagwe ianzwe upya. Pakiti ya ORS ni bora kuliko mchanganyiko wa nyumbani, zikiwepo mbili kabatini ni vizuri sana. Mtoto aendelee kunyonya, na yote haya ni ya kumshikilia mgonjwa njiani: safari ya zahanati haisubiri aone nafuu. Huko mtoto atapewa na vidonge vya zinki.

Kisha kuna kuchemsha maji, na hapa wenyeji wa milimani wana elimu ambayo mtaalamu wa Dar es Salaam hana. Muulize mama wa Uporoto kwa nini maharage yake yanachelewa kuiva kuliko ya dada yake aliyeolewa Kyela. Anajua kwamba yanachelewa. Sababu ni kwamba kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla hayajafikia joto lile la bondeni. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo kanuni ya kutokota dakika moja inatosha Kyela na Pawaga, lakini kwenye vijiji vinavyovuka mita 2,000 yaachwe yatokote dakika tatu. Nimeona vipeperushi vingi vya maji ya kunywa, na sikumbuki kimoja kilichowaambia watu wa milimani jambo hili.

Maji yaliyochemshwa kisha yakachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mtoto aliyetoka kucheza yamerudi yalikotoka. Ndoo yenye mfuniko na bomba, au dumu lenye shingo nyembamba. Mwambie akuoneshe, usimwulize kama analo.

7. Piga hesabu kabla hujaulizwa

Kuchemsha maji ya watu saba kila siku ni mkaa, na mkaa ni hela. Usipoutaja mkaa wewe, mwenye nyumba atautaja moyoni na kuishia hapo. Nenda na njia mbili: ya mwenye uwezo na ya asiye nao. Kidonge cha WaterGuard kinatibu dumu la lita 20, na kwa nyumba nyingi ni nafuu kuliko kuchemsha kila siku. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na maelezo ya pakiti yafuatwe.

Kibuyu chirizi hakihitaji mfadhili: dumu la lita tano lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyofungwa kwenye kipande cha wavu ili kuku wasiondoke nayo. Jengeni kimoja pamoja, jirani wakitazama. Ukipita baada ya wiki mbili ukakuta dumu lipo na sabuni haipo, una mazungumzo mapya.

Kadi ya bima ya afya ya kaya izungumziwe mavuno yakishauzwa. Januari, ada za shule zikiwa zinadaiwa, utaonekana huna huruma.

8. Dawa za kila siku, kwa sauti ya chini

Hiki ndicho kidokezo ninachoona kinasahaulika zaidi, na kwa mikoa hii ndicho kizito kuliko vyote. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ni 4.4. Tafsiri yake mtaani ni rahisi: katika kila safu ya nyumba unayopita, yumkini kuna mtu ambaye barabara ikikatika au zahanati ikijaa wagonjwa wa kipindupindu, tatizo lake la kwanza litakuwa kopo la dawa linaloelekea kuisha. Waongeze wenye presha, kisukari na kifafa.

Lakini usiulize nani anatumia nini. Sema kwa wote, nyumba zote, maneno yaleyale: "Kama kuna anayetumia dawa za kila siku, za aina yoyote, asisubiri kidonge cha mwisho. Zikibaki za wiki mbili tatu aende akachukue nyingine. Waliotulia kwenye tiba wanaweza kupewa za miezi kadhaa, aulize kituoni kwake. Zikae kwenye mfuko mkavu pamoja na kadi ya kliniki." Basi, endelea na mengine.

Na yule balozi au jirani uliyetembea naye? Sehemu hii mwombe abaki nje. Mwambie mapema, kabla hamjaanza kuzunguka, asije akaona amefukuzwa.

9. Usichokijua, sema hukijui

Tusizunguke mbuyu. Mwishoni mwa Aprili 2020 takwimu za korona Tanzania Bara zilisimama, kikafuata kimya cha zaidi ya mwaka, tukapiga nyungu. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani na sote tukaambiwa tujitokeze. Nyumba iliyoambiwa hivi mwaka huu na vile mwaka uliofuata ina haki ya kukutazama kwa jicho la pembeni. Usijaribu kuitetea historia hiyo wala kuisema vibaya sebuleni kwa watu. Ikubali kuwa ipo, kisha uwe mkweli kwa yako.

Mfano mzuri tunao hapahapa nchini. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Uvumi ulikwisha kuanza kuruka. Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Dkt. Aifello Sichalwe, akasema kilichokuwa kimejulikana: wagonjwa wamepimwa, si Ebola, si Marburg, si korona, uchunguzi unaendelea. Siku chache baadaye, Julai 18, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akaja na jina: homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na wanyama. Wagonjwa walikuwa 20, vifo vitatu. Kanuni yake unaweza kuichukua mpaka kitongojini: tunachokijua, tusichokijua, na siku nitakayorudi na jibu. Siku hiyo ikifika urudi kweli, hata kama jibu bado.

10. Uvumi usiufukuze kwa fimbo

Ukimwambia mtu "huo ni ujinga", umemkabidhi kwa aliyemtumia sauti ile ya WhatsApp. Muulize kaipata wapi. Muulize yeye mwenyewe anaionaje. Mara nyingi chini ya uvumi kuna swali la maana ambalo hakuna aliyelijibu.

Chukua polio. Machi 2022 Mbeya ilikuwa kwenye kampeni kwa sababu ya kirusi cha Malawi. Septemba 2023, baada ya kirusi kingine kugundulika Rukwa, matone yakarudi katika mikoa sita: Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, safari hii kwa watoto chini ya miaka minane. Mzazi anauliza: mwanangu mlimpa mwaka jana, leo mnampa tena, mnatafuta nini kwake? Akijibiwa "ni maelekezo ya wizara", uvumi wa kwamba wanazuiwa kuzaa unapata pa kukaa. Jibu lenyewe halizidi sentensi mbili: virusi vya polio vina aina zaidi ya moja, matone ya 2022 yalilenga aina ya kwanza iliyotoka Malawi, ya 2023 yalilenga aina ya pili iliyoonekana Rukwa. Mama yeyote anayejua kwamba dawa ya mahindi siyo dawa ya nyanya atakuelewa. Kuuliza kwake si ubishi, ni malezi.

11. Eleza alama unazoacha

Chaki mlangoni, kwako wewe, ni hesabu ya nyumba zilizofikiwa. Kwa mtu ambaye nyumba ya shangazi yake iliwahi kupigwa X nyekundu ya hifadhi ya barabara, alama yoyote ukutani ni habari mbaya. Sekunde kumi za maelezo zinatosha. Wino kwenye kidole cha mtoto, vilevile.

12. Kipeperushi kina safari fupi

Kutoka mkononi mwako kwenda mezani, kutoka mezani kwenda kufungia karanga. Kama lazima kiwepo, kibandikwe kwa wakala wa miamala ya simu, kwenye duka la dawa muhimu ambako wengi hupita kabla ya zahanati, na kwenye mashine ya kusaga ambako watu wanasubiri zamu bila la kufanya.

13. Msiba uzungumzwe siku isiyo na msiba

Misiba ya kwetu ni mikubwa, na hilo halitabadilika kwa tangazo. Watu wanalala, wanapika pamoja, wanakula pamoja. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado unaambukiza, na hatari kubwa ni mikono iliyouosha kwenda moja kwa moja kwenye sufuria la pilau. Marburg ni kali zaidi: Bukoba Vijijini, Machi 2023, iliwapata watu tisa na kuua sita, wakiwemo ndugu wa familia moja na wahudumu wa afya.

Kuja kuyasema hayo jeneza likiwa sebuleni ni kutafuta ugomvi. Kaa na wazee wa ukoo, mchungaji, padri na shehe mapema, siku ya kawaida. Orodhesheni pamoja vitu ambavyo havitaguswa: sala, nyimbo, jina la marehemu kutajwa, familia kusimama kaburini. Kisha vitakavyobadilika: maandalizi ya mwili yafanywe na afisa afya au chini ya usimamizi wake, maziko yasicheleweshwe, aliyegusa mwili asiguse chakula, ndoo ya kunawia ikae njiani kabla ya kufika kwenye mkeka. Wazee wakikubaliana wenyewe, siku ikifika watasema wao na wewe utanyamaza. Wakikataa jambo moja, waulize wangelifanyaje wao bila watu kuambukizwa. Mara nyingine wana njia nzuri kuliko ya mwongozo.

14. Wanaume hawako nyumbani saa unayokwenda

Wako kijiwe cha bodaboda, gulioni, kwenye kahawa, shambani Usangu. Wafuate huko, maneno machache, ukiwa umesimama. Jumuiya za makanisa zinazokutana nyumba kwa nyumba katikati ya wiki ni nafasi nyingine ambayo haihitaji posho ya kikao. Na kama redio ya hapo, iwe Ebony FM kwa Iringa au Bomba FM kwa Mbeya, ikiutangaza ujio wako jioni ya jana yake, utakuta nusu ya maelezo yamekwisha kutolewa.

15. Namba za simu zijaribiwe ukiwa palepale

Ni tatu tu: 199 ya Wizara ya Afya, ya kuuliza na kutoa taarifa za ugonjwa, 115 ya m-mama, kwa mjamzito, aliyejifungua au kichanga anayehitaji usafiri wa dharura, 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Zote ni bure. Usiziache kwenye karatasi. Ziandikwe kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo hata mgeni atazikuta, na chini yake jina na namba ya yule mwendesha pikipiki wa usiku.

Halafu kijana wa kidato cha pili achukue simu ya nyumbani, aipige 199 akiweka spika, na nyumba nzima isikie inaita. Aulize swali moja la kweli: ORS ikikorogwa inakaa muda gani kabla ya kumwagwa? Isipopatikana kwa sababu mtandao ni hafifu, tembeeni pamoja mpaka mpate mahali pa kilimani unaposhika, ili kila mtu apajue na usiku.